Tuliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo: kilo hazirudi kwa sahani, zinarudi kwa kudokoa

MLETA UZI

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine salama?

Uzi huu siwaandikii wanaojiuliza wafanye au wasifanye. Nyuzi hizo zimejaa humu na matusi yake yamo humohumo. Namwandikia yule aliyekwisha fanyiwa, akapungua mpaka watu wakampita njiani bila kumtambua, akagawa nguo zake zote kubwa, na sasa zipu ya gauni la sikukuu inagoma kupanda. Hana wa kumwambia. Ndugu waliochanga hela za matibabu watamuuliza "si ulikatwa wewe?" Hospitali anaona aibu kurudi. Basi anakaa kimya na mambo yanazidi.

Mimi nilifanyiwa slivu miaka kadhaa nyuma, nje ya nchi. Kwa wasiojua: kwenye slivu daktari anaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Baipasi ni habari nyingine: wanatengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Mwaka wa kwanza ni wa mteremko. Ile sehemu inayoondolewa kwenye slivu ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayoleta njaa, kwa hiyo njaa yenyewe inapotea. Unakula kwa kukumbushwa. Vijiko vichache vya supu, umeshiba, na kila Ijumaa mzani unakupa habari njema. Mtu anaamini ameshaacha ulafi, kumbe hajaacha wala hajajifunza chochote, ni mwili tu umenyamaza. Mwaka wa pili ukianza kuzeeka, njaa inarudi taratibu, tumbo linalegea kidogo (hilo ni la kawaida, msitishane), na ule mkono uliozoea kupeleka kitu mdomoni uko palepale.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Wengi wanadhani kilo zinarudi kwa sababu mtu ameanza tena kumaliza sahani kama zamani. Hawezi! Mimi mpaka leo nikipakuliwa ugali wa mama ntilie, zaidi ya nusu inabaki. Tumbo letu linajua kukataa sahani. Kisichokatalika ni kudokoa.

Chukua siku ya mtu wa ofisini. Saa mbili chai ya maziwa na nusu andazi. Saa tatu na nusu ile nusu nyingine. Saa nne jirani wa meza kaleta ubuyu wa Zanzibar, unachukua punje tatu, baadaye tena tatu. Saa sita juisi ya embe kwa sababu "ni matunda". Mchana anakula vipande viwili vya nyama na wali kijiko, watu wanashangaa anavyokula kidogo. Saa tisa biskuti. Jioni jikoni anaonja mchuzi, anachovya kipembe cha chapati, anamalizia sahani ya mtoto maana kutupa chakula ni dhambi. Usiku krispi mbele ya tamthilia. Ukimuuliza amekula nini leo, ataapa hajala. Na kweli, hakuna mahali siku nzima alikaa akala akashiba.

Vitu vyote hivyo vina tabia moja: ukivitafuna vinakuwa uji vikateleza. Kuku, samaki, maharage vinakaa tumboni, vinakujaza, vinakwambia inatosha. Andazi lililochovywa kwenye chai halikai. Aiskrimu haikai. Juisi na soda ndiyo kabisa, na soda ya nusu lita peke yake inabeba zaidi ya gramu 50 za sukari. Ndiyo sababu wanatusisitizia tusinywe huku tunakula, na baada ya kula tusubiri kama nusu saa ndipo tunywe.

Na usidhani ni wewe peke yako. Uswidi walianza mwaka 1987 utafiti unaoitwa SOS, wakafuatilia watu wapatao 2,000 waliofanyiwa upasuaji na wengine karibu idadi hiyohiyo ambao hawakufanyiwa. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha kuwa wa baipasi walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepungua asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya miaka 10 ilikuwa asilimia 25. Weka kwenye mtu wa kilo 120: alishuka mpaka kama 82, kisha akatulia kwenye 90. Mwenye 90 akijilinganisha na ile 82 atalia kila siku, na kilo 30 zilizoondoka zisirudi hazihesabu.

Kilichonirudisha mimi kwenye mstari ni kurudisha milo. Milo mitatu, na kitu kimoja katikati kama pengo ni refu. Saa zinajulikana. Naketi, sahani ndogo, simu iko chumbani. Kisichopita kwenye ile sahani hakiliwi, hata karanga moja. Mnaweza kucheka, lakini hiyo karanga moja ilikuwa ngumu kuliko kuacha soda. Pale jikoni ndipo nilipotoka jasho, maana mpishi lazima aonje. Ikabidi kwa muda nimwachie dada wa kazi aonje chumvi, mimi nipike kwa macho. Tumekula mboga za chumvi nyingi nyumbani kwangu, mzee akanuna, lakini ilisaidia.

Kwenye sahani, protini inatangulia. Wengi wetu tuliambiwa tufikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kwa hiyo usipopanga hufiki. Naanza na samaki au kuku, inafuata mboga, ugali au wali unakuja mwisho. Mara nyingi ugali unafika wakati nafasi imekwisha, unabaki wenyewe bila mtu kuukatalia.

Njaa ya kichwa nilijifunza kuikamata kwa yai. Nikisikia nataka kula nje ya saa, najiuliza: nikiletewa yai la kuchemsha sasa hivi, baridi, bila pilipili, nitakula? Nikikubali, hiyo ni njaa, nile. Nikilikataa yai lakini chipsi ningekubali, hapo tumbo halihusiki. Natoka nje, naongea na mtu, napiga pasi, chochote.

Na daftari. Siyo la kuhesabu kalori, mimi hesabu hizo zinanichosha. Andika ulichodokoa, saa ngapi, na nini kilitokea kabla yake. Langu lilinionyesha kwamba siku mbaya zote zilikuwa za vikao na bosi, na Jumapili jioni. Karanga za watu zilisingiziwa bure.

Haya, karibuni. Wenye uzoefu mwage hapa.

jembe_la_mkono

Dada samahani, hizo hela zote si mngefunga mdomo tu tangu mwanzo? Babu zetu walikula ugali na hawakuwa hivi.

MLETA UZI

Babu yako alilima kwa mkono na mnadani alienda kwa miguu, mkuu. Mtu mnene sana akijinyima chakula, mwili unapambana naye: njaa inapanda, matumizi ya nguvu yanashuka, na hali hiyo inaendelea hata baada ya kupungua. Upasuaji unasaidia kwa sababu unagusa homoni zenyewe. Twende mbele.

mvua_ya_nairobi

Asante sana kwa hii uzi. Mimi nilifanyiwa baipasi hapa Nairobi na nataka niongezee upande wetu, kwa sababu kwetu sukari inaadhibu. Nikikunywa soda ama chai tamu sana, kama dakika kumi hadi thelathini hivi moyo unaanza kwenda mbio, jasho, tumbo inasokota, lazima nilale chini. Wanaiita dampingi. Wengi wanasema hiyo ni baraka, inakufundisha adabu. Mwanzo, ndiyo.

Shida ni ile ya pili, inakuja baada ya saa moja hadi tatu. Sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka, kichwa chepesi, na mwili unataka kitu tamu haraka. Unakula biskuti, unapata nafuu, saa mbili baadaye unatetemeka tena. Mimi nilizunguka hapo kitambo kabla mtu wa lishe anieleze: ukishuka, pandisha sukari kidogo ndiyo, lakini fuatisha na protini, na chakula inayofuata usianze na wanga. Ikiwa inakuja mara kwa mara, daktari aambiwe, usizoee.

Ingine ambayo watu hawasemi ni pombe. Baada ya baipasi pombe inafika kwa damu haraka sana, glasi moja inakufanyia kazi ya glasi kadhaa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2012: wenye shida ya pombe walikuwa asilimia 7.6 mwaka kabla ya upasuaji, mwaka wa pili baada yake wakawa 9.6. Kwa kikundi chetu nimeona mtu ameacha chapati kabisa, akashika bia. Mzani haukuona tofauti.

bintiwatanga

Mleta uzi ubarikiwe. Mimi shida yangu haiko jikoni kwangu, iko ukweni. Mama mkwe hajui nilifanyiwa, mume wangu alisema tusimwambie. Nikienda anapika pilau, kachumbari, samaki wa nazi, ananipakulia yeye mwenyewe kwa mkono wake, anakaa mbele yangu. "Kula mwanangu, umekonda, watu watasema tunakutesa." Nikiacha anakasirika, nikila kwa kumridhisha nakimbilia chooni kutapika. Halafu nikirudi nyumbani nina hasira, hapo ndipo nadokoa mpaka usiku.

MLETA UZI

Pole mdogo wangu, hilo wengi tunalo. Nilivyofanya mimi: nafika na kazi mkononi. Naomba nipakue mimi kwa ajili ya wazee, na anayeshika mwiko ndiye anayeamua sahani yake. Ukishindwa, omba kula na watoto kwenye sinia moja, hapo hakuna anayehesabu matonge. Na kifungashio hakimuudhi mama yeyote: "Mama hiki nakibeba, nitakila kesho kazini nikukumbuke." Ukimsifia pilau lake kwa ndani kabisa, ukamuuliza viungo, nusu ya shari imekwisha.

Ila mumeo akae na mama yake amwambie hata nusu ya ukweli, kwamba una tatizo la tumbo na daktari kakataza kushiba. Huo si uongo. Kutapika ili mtu mwingine afurahi usikuzoee, utaumia.

fundi_bomba

Nauliza kwa niaba. Mke wangu alifanyiwa miezi miwili iliyopita. Anatapika karibu kila akila, yeye anafurahi anasema kilo zinashuka. Tangu juzi anayumba akitembea na analalamika anaona vitu viwili viwili. Ni uchovu?

MLETA UZI

Kaka, acha kusoma uzi, mpeleke hospitali LEO. Kutapika kwa muda mrefu kunamaliza vitamini B1 mwilini, na kuyumba pamoja na kuona mara mbili ni dalili kwamba ubongo umeanza kuathirika. Ukifika sema wazi kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo na anatapika, uwaulize kuhusu vitamini B1 kabla hawajamtundikia dripu ya glukosi. Usikubali kurudishwa na dawa za malaria.

fundi_bomba

Natoka kazini sasa hivi.

mhudumu_wa_zamu

Mleta uzi amejibu sawasawa, na mimi nafanya kazi wodini. Niongeze mawili. Vitamini ni za maisha: multivitamini, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Watu wanaacha mwaka wa pili kwa sababu wanajisikia vizuri, halafu wanakuja na damu ndogo. Na kuna uchovu wa kukosa madini ya chuma ambao mtu anautafsiri kama njaa, anautibu kwa chai ya sukari. Kabla ya kujiita huna nidhamu, pima damu.

La pili, hasa kwa wenye baipasi: diklofenaki na ibuprofeni za kujinunulia dukani kwa ajili ya mgongo na kichwa ziacheni, zinaleta vidonda kwenye ile sehemu iliyounganishwa. Kidonda nacho kinauma kwa namna ambayo mtu anadhani akila kidogokidogo kutwa nzima kitatulia. Ndiyo kudokoa kwingine huko.

Mgeni_Jijini

Mimi sikukatwa, niliwekewa puto la kujaza tumbo, pale hospitali ya Mloganzila, Dar. Limeshatolewa na sasa njaa imerudi yote, kama vile hakuna kilichofanyika. Huu uzi unanihusu?

MLETA UZI

Unakuhusu kuliko sisi. Puto ni la muda, mengi yanakaa kama miezi sita na kutolewa, na likitoka tumbo lako ni lilelile la zamani, homoni zako hazikuguswa kama zetu. Kwa hiyo wewe huna hata kile kizuizi cha sahani. Anza na saa za milo na sahani ndogo wiki hii hii, na rudi kwa mtu wa lishe wa kliniki ile ile. Hukushindwa, puto lilikuwa na tarehe ya kutoka tangu siku linaingia.

tajiri_wa_mawazo

Mnajisumbua. Kuna sindano za Ozempic zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, wiki chache tu kilo zimeshuka. Na tumbo likitanuka si unakatwa tena?

MLETA UZI

Dawa za jamii hiyo sizipingi, madaktari wanawaandikia hata watu waliofanyiwa upasuaji ambao uzito umerudi, na zinapunguza njaa kweli. Ninachopinga ni neno "magrupu". Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Kama huko zinapenya, za kwenye WhatsApp umezithibitishaje? Mtu aliyekatwa tumbo akichomwa kitu asichokijua, akaanza kutapika, rudi ukasome habari ya mke wa fundi hapo juu.

Kukatwa tena kupo, ila kunaanza na kamera na picha za tumbo kuona kama kuna tatizo la umbile. Kama umbile liko sawa na shida ni ubuyu wa saa nne, hakuna kisu kinachokata ubuyu. Na wale wanaojifungia siku tano kwa vinywaji tu eti "wanarudisha kifuko", kifuko hakirudi kwa vinywaji. Wanachofanya ni kujinyima mpaka siku ya sita waingie jikoni kwa hasira.

pwani_mchangani

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, nilifanyiwa slivu. Mchana wa Ramadhani mimi sina tabu nao, tabu yangu ni futari. Kuanzia magharibi mpaka daku ni kudokoa kwa kibali. Tambi, kaimati, mihogo ya nazi, viazi vitamu, uji, juisi ya ukwaju, kila nyumba inaleta bakuli. Kila kitu ni laini na kitamu, na hakuna kitu hapo kinachokujaza. Mwaka jana mwezi uliisha nimenenepa kuliko Shaabani. Mnafanyaje?

MLETA UZI

Waalaykum salaam. Kwanza kama hujamaliza mwaka tangu upasuaji, usifunge kabla ya kuongea na daktari wako, maana maji na protini haviwezi kuenea usiku mmoja kwenye tumbo jipya, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo kwenye dini yenyewe.

Aliyeruhusiwa, mimi nilipanga hivi. Tende moja na maji kidogo kidogo, kisha naenda kuswali. Huo muda wa sala ndio unaonipa ile nusu saa ya kutenganisha maji na chakula. Nikirudi nakaa na kipande cha samaki au kuku na mchuzi, nakimaliza ndipo naangalia meza. Hapo nachagua kitu kimoja cha futari kwa usiku ule. Leo mhogo wa nazi, kesho kaimati, siyo vyote. Juisi naiacha. Baada ya tarawehe ni mlo wa pili, mdogo, tena wenye protini: maharage au mtindi usio na sukari. Katikati ni maji, funda kwa funda mpaka usiku. Daku mayai, na vitamini zangu nimezihamishia hapo na baada ya futari, kalsiamu na chuma kila kimoja kwa wakati wake.

Bakuli za majirani zipokee zote, usimnyime mtu thawabu yake. Zihamishie kwenye vyombo vyako, rudisha bakuli la mwenyewe likiwa na kitu ndani, na zako ziende msikitini kwa wanaofuturu pale kabla hujakaa chini kula. Zikibaki jikoni mpaka saa nne usiku, utazila wewe.